Kinu Kaburini

Mwanangu alifia kazini, machimboni Geita. Winchi ya kupandishia mawe iliharibika, msimamizi akawaamuru wavute viroba kwa kamba, kwa mikono. Akavuta tangu asubuhi. Mchana akasema kifua kinambana, akaketi, hakuinuka tena.

Msimamizi mwenyewe alimleta nyumbani kwetu Ushetu, kwenye jeneza zuri. Akaniambia kwa upole, "Bibi, ni moyo wake tu. Ugonjwa wa nyumbani. Mzikeni apumzike."

Mkwe wangu, mjane wake, alikuwa mkekani, ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nikamuuliza msimamizi, "Kama ni ugonjwa wa nyumbani, fidia hakuna, hawa watalelewa na nani?" Basi nikasema hatuziki mpaka daktari amfungue aone kilichomuua.

Shemeji yangu, mkubwa wa ukoo, akaruka.

"Shemeji, una akili? Mtoto wetu achanwe kama mbuzi? Na kaburi limeshachimbwa! Likilala tupu litaita mwingine."

"Litamwita nani, wewe?"

"Usinitanie mbele ya msiba."

Nikaenda jikoni, nikabingirisha kinu changu mpaka pale kaburini, nikawaambia wanaume wakiteremshe. "Haya. Si tupu tena."

Watu waliokuwa wanalia wakacheka, halafu wakalia zaidi. Jeneza likapakiwa kwenye gari lilelile lililomleta, likaenda hospitali Kahama.

Daktari aliandika kwamba moyo ulikuwa na hitilafu ya zamani, lakini kazi nzito ya siku ile ndiyo iliyouzidi. Kesho yake tukatoa kinu, tukamzika. Baadaye wenzake wawili wa machimboni walikwenda ofisi ya fidia kueleza habari ya winchi, wakijua wanaweza kufukuzwa. Sijawasahau katika sala zangu.

Shauri lilikwenda taratibu, hata mtoto akazaliwa bado tunasubiri. Muda wote huo shemeji hakugusa chakula changu. "Mimi sili kilichotwangwa kaburini," alisema.

Siku mkwe wangu aliporudi kutoka Kahama na jibu kwamba fidia imekubaliwa, yake na ya watoto, hakupiga kigelegele. Aliketi tu, akamnyonyesha yule ambaye baba yake hakumwona. Nami niliendelea na mboga.

Shemeji akasimama mlangoni.

"Mmepika nini?"

"Kisamvu."

"Kimetwangwa wapi?"

"Unajua kimetwangwa wapi."

Akamtazama mtoto. Kisha akavuta kigoda, akaomba maji ya kunawa.