Mkojo wa Baba Mkwe

Mume wangu alivuta bangi kama wenzake walivyokunywa chai: asubuhi kabla ya kushika jembe, jioni baada ya kuliweka, na katikati kama kuna mtu amemuudhi. Mimi nilimuudhi mara nyingi tu. Mama mkwe aliiita "tumbaku ya Ushetu", maana mwanawe aliinunua huko kwa watu waliolima tumbaku kweli, na yeye hakuwa tayari kukiita kitu cha mwanawe kwa jina lake.

Sikujali sana mpaka kiwanda cha kuchambua pamba kilipotangaza nafasi za madereva. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na tuliishi upande wa Kagongwa kwenye boma la wakwe zangu. Mume wangu alikuwa na leseni, alijifunza kuendesha alipokuwa utingo. Dereva wa kiwanda alipewa nyumba: vyumba viwili, bati juu, na mlango wenye kufuli. Nataka nieleweke vizuri hapo kwenye kufuli. Katika boma lile mama mkwe aliingia jikoni kwangu muda wowote, akafunua chungu, akaonja, akaongeza chumvi, akafunika, akatoka bila kusema neno. Niliitaka ile nyumba kuliko nilivyowahi kukitaka kitu chochote, na ndoa nikiijumlisha.

Sasa, kabla ya kuajiriwa, kila mtu alitakiwa kupeleka mkojo wake wa asubuhi kwenye zahanati ya kiwanda. Hawakusema ni wa nini. Msimu uliotangulia lori la pamba lilikuwa limelala ubavu korongoni, ikasemwa dereva alikuwa amevuta, basi watu wakajijibu wenyewe: kuna dawa imeletwa kutoka Ulaya, ukiitia kwenye mkojo wa mvuta bangi unageuka kijani kama majani yenyewe. Hakuna aliyeuliza. Sisi watu wa kule tulikuwa hodari wa kueleza kuliko kuuliza.

Swali likabaki moja: bangi inakaa mwilini muda gani? Kijiji kizima kikageuka hospitali. Rafiki yake mmoja alisema inatoka na jasho la siku hiyo hiyo, ndiyo maana yeye alivuta na kulima. Mwingine, aliyewahi kukaa jela, alisema haitoki mpaka mvua za mwaka unaofuata. Fundi baiskeli alisema inajificha kwenye nywele, mume wangu akanyoa upara siku hiyo hiyo. Hapo nikakaa kimya, ingawa kichwa chake kilikuwa na mabonde ambayo sikuyajua wakati wa kuolewa.

Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja jirani yangu alinieleza kwamba bangi inajihifadhi kwenye mafuta ya mwili. Aliyeonja mara moja humtoka baada ya siku chache, lakini mvutaji wa kila siku anaweza kubaki nayo kwenye mkojo kwa wiki kadhaa, hata kupita mwezi, na hakuna cha kunywa kitakachoisafisha. Ningelijua hilo wakati ule ningeokoa maziwa mengi. Mume wangu aliacha kuvuta, nampa haki yake, lakini akaanza kujiosha kwa ndani. Alikunywa maziwa ya mgando kibuyu kwa kibuyu. Alikula mlenda asubuhi, mchana na jioni, akiamini kwamba kwa ule utelezi wake, bangi haitapata pa kushika. Alikimbia kuzunguka zizi mpaka ng'ombe wakazoea na kuacha kumtazama. Na kwa kuwa hakuwa na bangi ya kumtuliza, aligombana na kila kitu, pamoja na mlenda wenyewe.

Siku ilipokaribia akakata tamaa. "Mke wangu, nitatoa kijani mimi," akaniambia. "Tutafute mkojo wa mtu mwingine."

Wangu aliukataa, alidai mkojo wa mwanamke unajulikana. Wa marafiki zake ulikuwa kijani kuliko wake. Wa majirani ungetangazwa kilabuni kabla haujapoa. Akabaki mwanamume mmoja tu asiyevuta, asiyenywa, asiyenusa hata ugoro: baba yake, mzee wa kanisa, mtu aliyetoka jaruba la mpunga akaenda rozari, akatoka rozari akarudi jaruba. Na baba yake hakutakiwa kujua habari za bangi, maana angemfukuza kwenye boma kwa fimbo.

"Basi mwombe wewe," akasema mume wangu.

Nilimwangalia kama amevuta. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawazungumzi. Tangu niolewe nilikuwa sijabadilishana naye neno hata moja. Akija huku, mimi napita kule. Akikuta nimekaa njiani, anakohoa kwa mbali nipate muda wa kujibanza nyuma ya ghala. Akitaka maji na hakuna mtu mwingine nyumbani, anamwambia mbuzi, "Ingekuwa vizuri kupata maji," nami nayatenga mahali naondoka. Mtu kama huyo ndiye nimwombe mkojo? Hata mbuzi angekataa kuupeleka ujumbe.

Nikaenda kwa mama mkwe. Nilijikaza nikamweleza yote, nikitegemea matusi. Akasikiliza huku anachambua mchicha.

"Bebe," akasema, yaani wewe kwa lugha ya kwetu, "hilo lori, litakuwa linasimama hapa mbele ya boma watu walione?"

"Litasimama, mayu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama.

"Lete chupa."

Nikampa chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi, nimeichemsha nikaikausha juani. Asubuhi ya siku yenyewe nikaikuta mlangoni kwangu imejaa, imezibwa kwa gunzi. Alimwambia nini mzee, sikuuliza. Mume wangu akaifunga kwenye kitambaa, akapanda baiskeli, akaenda anaendesha taratibu kama amebeba mayai.

Alirudi anaimba. "Hawajaiona! Wamesema nina kichocho!"

Nakumbuka tulishikana mikono tukaruka. Sijui kama kuna mke mwingine aliyefurahi vile kwa mume wake kukutwa na kichocho. Tabibu alimpa vidonge, akamsimamia avimeze palepale, akamwambia arudi na mkojo mwingine baada ya kupona. Vidonge vile havikuwa na utani. Alitapika njia nzima na nyumbani akaendelea, akisema nyumba inazunguka, nami namwambia ashike ukuta, tutahamia nyingine isiyozunguka.

Muda wa tabibu ukafika, chupa ikaenda tena kwa mama mkwe, ikarudi imejaa. Kichocho kilikuwepo vilevile. Tabibu akashangaa, akaongeza vidonge. Mume wangu akatapika upya, akakonda, macho yakazama. Alikuwa anatibiwa ugonjwa uliokuwa unalala kwenye kitanda cha watu wengine. Alikwishauona ukweli huo, na mimi nilikwishauona, lakini tungeusemaje? Kusema kichocho si chake ni kusema mkojo si wake.

Mara ya tatu tabibu aliitazama chupa akaisukuma pembeni. "Huu ugonjwa wako ni sugu," akasema. "Safari hii kojoa hapa hapa, nikuone." Mume wangu akasimama nyuma ya pazia na bakuli, huku foleni nzima inasubiri nje. Hakikutoka kitu. Wakamnywesha maji. Wakamfungulia bomba asikie. Alinisimulia kwamba alikuwa anaiaga nyumba, bati kwa bati, mpaka ulipotoka. Tabibu akauweka kwenye darubini, akatazama kwa muda mrefu, kisha akainuka na kumpa mkono.

"Safi kabisa! Umeona? Dawa yangu imefanya kazi."

Mume wangu hakuamini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na... kitu kingine hamkuona?"

"Kitu gani?"

"Chochote tu."

"Hapa tunatafuta kichocho," akasema tabibu. "Madereva wa msimu uliopita walikuwa wanasimamisha malori kila kichakani, wengine wanakojoa damu, nguvu hawana. Ulidhani tunatafuta nini?"

Mume wangu akasema hakudhani kitu. Jioni hiyo aliporudi alivuta msokoto mmoja mrefu sana, na safari hii nilimwashia mimi.

Lori lilikuja kutuhamisha na likasimama mbele ya boma kama nilivyoahidi. Mama mkwe alilizunguka, akaligonga matairi, akawaita majirani. Nilikuwa nimekwisha kupanda na masufuria yangu nilipomwona baba mkwe amesimama kando ya nyumba yake, ametoka jarubani, tope mpaka magotini. Nikamuuliza mume wangu kama amemwambia.

"Nitamwambia kwa barua," akasema.

Hasira zikanipanda. Vidonge tumevimaliza sisi, mgonjwa ni yule pale, na mtu mzima anataka kujificha nyuma ya barua! Nikashuka. Majirani walipoona naelekea upande wa mzee wakanyamaza. Yeye akakohoa ili nikwepe, sikukwepa. Nikapiga magoti hatua chache mbele yake, nikaangalia chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyofikiri, maana nilizoea kuisikia ikisema na mbuzi.

"Baba, una kichocho. Ile chupa mama aliyokuletea, ilipelekwa kupimwa. Wamekiona mara mbili. Nenda zahanati ya misheni wakupe vidonge, usikae nacho."

Hakuuliza kwa nini chupa yake ilipimwa. Alitazama lori, akanitazama mimi, mara ya kwanza machoni. "Ilipelekwa kupimwa," akasema. "Mama yenu aliniambia inatakiwa kwa dawa yako. Ili upate mtoto."

Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa amezama kwenye kukaza kamba ya mzigo ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa, tumbo langu halijabeba kitu, na katika boma lile hakuna aliyewahi kunitamkia jambo hilo. Nilikuwa nikidhani hawalifikirii. Niliona aibu, halafu aibu ikageuka kitu kingine ambacho nilikuwa sijakizoea kutoka kwa wakwe.

"Mara zote tatu nilisali kwanza," akasema baba mkwe, "ndipo nikakojoa."

Dereva aliyekuja kutuhamisha akapiga honi.

"Vidonge meza, baba," nikamwambia. "Lakini kusali usiache."