Mguu wa Mbawala

Siku ile ya baraza nilimkasirikia baba yangu kuliko nilivyomkasirikia Mzungu, na sioni haya kulisema.

Kwetu, upande wa Wamaza, ardhi haikuwa na karatasi. Mwindaji akiua mnyama, mguu mmoja wa nyuma ulikwenda kwa mwenye ardhi. Ukitaka kujua msitu ni wa nani, uliangalia nyama inapelekwa wapi. Tangu enzi za babu wa babu ilipelekwa uani kwetu, maana sisi ndio tulikuwa ukoo wa chifu, na michikichi yote kutoka kijitoni mpaka makaburini ilipandwa na wazee wetu. Baba hakuwa mlafi. Mguu ukifika aliukatakata, akawagawia wajane kwanza.

Kisha Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, ikaleta pamba ya lazima. Baba akasema watu wake hawataacha mihogo wakalime kitu kisicholiwa. Basi akavuliwa uchifu, na medali ya uchifu akavalishwa kapita, yaani msimamizi wa pamba, mtu wa kuja, aliyekuwa akituchapa fimbo mashambani. Medali na aende nayo. Ardhi ilibaki yetu, na yeye alilijua hilo, ndiyo maana hakulala vizuri.

Kiangazi kilichofuata kaka yangu aliua mbawala ndani ya msitu wetu wenyewe. Jioni hiyohiyo polisi wa kapita wakaja kudai mguu. Kaka akashika panga. Mama akasema wapewe kichwa, wapewe ngozi, wapewe chochote, ila mguu hapana. Baba alikuwa amechoka. Alikwisha kuonja jela kwa ajili ya pamba ile, na sasa aliogopa kaka ataionja pia.

“Mupeleke tu,” akasema. “Ile ni nyama. Sitaki mutoto wangu akamatwe juu ya nyama.”

Eti nyama. Yeye, mtoto wa chifu na mjukuu wa chifu, anatuambia ni nyama.

Mvua zilipoanza, kapita akatuita barazani mbele ya Mzungu mkuu wa Kabambare, akasema msitu na michikichi ni vyake. Hakuleta shahidi hata mmoja. Alimnyooshea baba kidole.

“Mwenye udongo ndiye watu wanaletea mguu. Muzee mwenyewe iko hapa. Mumuulize kama hakuniletea.”

Baraza zima lilijua ule mguu ulivyotoka, lakini wazee waliinamisha vichwa. Baba angekana tu, nani angembishia? Mbawala alikwisha kuliwa zamani. Ila hakuwahi kusema uongo barazani wakati mwamuzi alikuwa yeye, na hakutaka kuanza uzeeni. Akajibu kwamba ndiyo, aliutuma. Mkalimani akatafsiri, Mzungu akaamua, akaenda kula.

Tukawa wageni kwenye michikichi yetu. Kaka akatundika nyavu, hakuwinda tena. Baba aliishi miaka michache, akiniudhi kwa upole wake. Alipokufa tulichinja mbuzi wa kilio. Kapita akatuma mtu kusema tunaweza kumzika baba kando ya wazee wake, mradi mguu wa mbuzi uje kwanza. Mbuzi wa kufugwa hajawahi kudaiwa mguu, tangu dunia iumbwe.

Wajomba wakaanza kunong'ona kwamba tuutoe tu, yaishe. Mama akachukua kisu. Alikata nyama mwenyewe, akaitia yote chunguni. Tulimla mbuzi mzima, kisha tukambeba baba, tukavuka kijito, tukamzika kwenye ardhi ya ukoo wa mama.