Redio Iliyokaa Matanga

Siku tulipoitoa redio yetu kwenye boksi, kijijini kwetu Mbuba, tulikuwepo hawa: mimi, mkubwa wa nyumba; Yasinta, mdogo wangu wa kike; Deo, kitindamimba wetu; jirani yetu Mama Anitha, aliyekuja na kigoda chake mwenyewe kwa sababu alijua vyetu ni viwili tu; na Mzee Rugamba, balozi wa nyumba kumi. Gervas, anayenifuata mimi kuzaliwa, hakuwepo. Alikuwa vitani. Baba na mama walikwisha kufariki miaka mingi nyuma, na Bibi aliyetulea tulikuwa tumemzika miezi mitano na nusu kabla ya siku hiyo.

Ninyi mliokulia enzi zetu hamhitaji kuelezwa redio ilikuwa nini. Sisi tulikulia vilimani ndani ya migomba, tukicheza mpira wa majani makavu uliokazwa kwa kamba, tukila ndizi na maharage kwenye sinia moja mpaka vidole vikagongana. Kisha kikaja kijiji cha ujamaa, tukahamia barabarani, nyumba zikapangwa mstari kama wanafunzi kwenye paredi. Wengi walinung'unika, lakini mstari ule ulikuwa na faida yake: redio ikiwashwa nyumba moja, nyumba sita zinasikia.

Vita ya Kagera ilipoanza na Gervas akaondoka na wanamgambo wenzake, Bibi alituita jikoni. "Uzeni kahawa, uzeni maharage," alisema. "Nileteeni kitu kitakachoniambia mtoto wangu yuko wapi." Kahawa ya msimu mzima na magunia mawili ya maharage vikaenda Ngara mjini, na mimi nikarudi na kitu kinachoingia kwapani. Mwenye duka aliijaribu mbele yangu kwa betri zake, ikaimba duka zima. Akanipa karatasi yenye muhuri. Garantii, miezi sita. "Ikikusumbua, binti, niletee pamoja na karatasi hii."

Betri zilikuwa adimu siku zile, kama sabuni, kama sukari. Yasinta alizunguka siku nne akizitafuta. Ya tano alirudi nazo mkononi, akakuta uani kumejaa watu. Bibi alikuwa amefariki asubuhi ile.

Kwetu nyumba yenye msiba haina muziki mpaka matanga yaondolewe, na hayaondolewi mpaka ukoo wote ukutane na pombe ya ndizi inyweke. Tena ukoo wetu nusu ulikuwa vitani. Mzee Rugamba aliitazama redio, akasema, "Kinachoimba kisikae wazi humu. Kifungeni." Tukalifunga boksi lake kwa kanga ya Bibi, tukalisukuma chini ya kitanda. Hakuna aliyelalamika. Habari za vita tukawa tunazipata kwa Mwalimu, aliyekuwa na redio yake nzee shuleni.

Ndiyo maana siku ile ya kuifungua, ukoo uliobaki ulipokwisha kuondoa matanga bila kungoja vita iishe, Mama Anitha alipiga magoti kabisa. Redio ilipokoroma na kutoa sauti, alisema, "Karibu, mgeni uliyekaa matanga bila kudondosha chozi!" Tukacheka mpaka Mzee Rugamba akatukemea tunyamaze tusikilize.

Ilizungumza wiki tatu na siku mbili.

Wiki ya tatu ilipoisha tulipata barua ya Gervas, imeletwa na dereva wa lori. Alituambia Jumapili mchana tusikilize kipindi cha salamu za askari, jina lake litasomwa. Yasinta alikwenda nyumba hadi nyumba kutangaza. Siku mbili baadaye, siku ya Alhamisi, redio ikanyamaza katikati ya neno. Deo aliipiga kofi. Tulizianika betri juani, tukazirudisha. Kimya. Nilizitia kwenye tochi ya Mzee Rugamba, ikawaka vizuri. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa redio yenyewe.

Ijumaa niliiweka kichwani nikatembea mpaka Ngara.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Karatasi?"

Nikampa. Akaisoma kwa kidole, akahesabu. "Hii imekwisha wiki mbili zilizopita."

"Imekwisha vipi, na redio imefanya kazi wiki tatu tu? Ilikuwa matangani. Hata boksi hatukulifungua."

"Pole kwa msiba. Lakini hapa haikuandikwa matanga. Imeandikwa miezi sita."

"Wewe ukifiwa na mama yako leo, kesho utapiga muziki?"

Watu wawili waliokuwa wakinunua mafuta ya taa wakageuka. Mwenye duka akashusha sauti. "Mbona unanitukana, binti? Nenda kwa fundi, Biharamulo yupo."

"Biharamulo nitafika lini, na Jumapili ni keshokutwa?"

"Hiyo Jumapili mimi siijui."

Mpaka leo nikiikumbuka kauli ile damu inanichemka. Tuliwaheshimu wafu wetu, naye akatuhesabia heshima ile kama matumizi. Redio iliyolala kimya chini ya kitanda, kwake ilikuwa imechakaa! Nilimwambia nitakuja kila siku ya soko kusimama mlangoni pake na redio kichwani, na kila mteja nitamweleza. Nilifanya hivyo siku tatu za soko. Hakunirudishia kitu, lakini alikoma kunitazama usoni.

Vijana wa leo hasira hii hawanayo. Mwezi uliopita nilikuwa kwa mtoto wa Yasinta, mjini Ngara. Luninga yao kubwa kama mlango, ya bei ya kutisha, imekufa majuma mawili baada ya waranti kuisha. Nikasema, "Ibebeni, twende dukani." Kijana akacheka. "Mama mkubwa, ndivyo zinavyotengenezwa siku hizi. Tutachukua nyingine." Na wanawe hata hawakuinua macho kwenye simu zao. Nilikaa pale na hasira yangu peke yangu, kama kichaa. Mtu anakuuzia kitu akijua siku kitakayokufa, nawe unamrudia na hela nyingine, huku unacheka! Sisi tulikuwa na vitu vichache, lakini kila kimoja tulikigombania, kwa sababu ndani yake mlikuwa na jasho la nyumba nzima.

Jumapili ile Mama Anitha ndiye aliyeokoa jambo. Redio ya Mwalimu ilikuwa nzima ila betri zake zimechoka. "Yenu imekufa, lakini chakula chake kizima," alisema. "Mpelekeeni mwenzake ale." Tukazitoa betri zetu, tukaenda nazo shuleni, na mstari mzima wa nyumba ukatufuata. Mwalimu akazitia, akaongeza sauti. Tukakaa kwenye nyasi.

Majina yalisomwa mengi. Kisha likaja la Gervas. Alimsalimu Bibi kwanza. Barua yetu ya msiba haikuwa imemfikia. Mtangazaji akaendelea kusoma: "Na dada yangu mkubwa, uliyeacha shule darasa la tano ili mimi niendelee. Nikirudi, zamu ya kusoma ni yako. Hilo ni deni langu."

Watu wote wakanigeukia. Mzee Rugamba akasema, "Sisi sote mashahidi."

Gervas alirudi mzima, Mungu ashukuriwe. Akapata kazi Biharamulo, akaoa, akajenga Kaniha. Mwaka wa kwanza alisema tungoje Deo amalize darasa la saba. Kisha Yasinta akaolewa. Kisha wakaja watoto wa Gervas mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, wote wakihitaji sare na madaftari, na mimi ndiye niliyewalea wawili kati yao. Kusoma kwangu kote nimekuokota kwenye madaftari yao waliyoyamaliza.

Pasaka iliyopita nilimkumbusha Gervas deni lake mbele ya wajukuu zake. Alicheka mpaka akakohoa. "Dada, tumezeeka sasa! Basi, mwakani."

Mimi sikucheka. Nilimwambia mwakani nitakuwa mlangoni pake, na deni lile bado nalidai.