Msemaji wa Dansi ya Kimya

Harufu ya korona haijanitoka puani hadi leo. Korona ndicho kiwanda kilichokwangua majani ya mkonge yakabaki singa nyeupe, na makapi yake yalitiririka hadi kwenye mtaro nyuma ya kambi yetu, yakachacha juani mpaka ukadhani ng'ombe mzima amefia pale. Wageni waliziba pua. Mimi niliipenda, maana ukuta wa korona ndio uliokuwa sinema yetu. Shamba lilikuwa kati ya Kilosa na Mikumi, enzi za Mwingereza, na mke wa meneja, ambaye sote tulimwita Memsabu, aliwahi kuwa mchezaji dansi huko kwao. Alikuwa na mashine ya sinema na filamu moja tu, dansi ya hadithi ambayo wao huiita baleti. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, giza likianza kuingia, alitundika shuka ukutani akatuonyesha ileile. Wenzangu waliichoka. Mimi kila mwezi niliiona mpya.

Ilikuwa hadithi ya binti mchunga kondoo na msimamizi wa shamba la bwana mkubwa, mtu mrefu mwenye fimbo nyeusi. Msimamizi anamtaka binti, binti ana mchumba wake, basi fimbo inamshukia mchumba mpaka anakufa, na binti anazunguka kwa ncha za vidole hadi naye anaanguka. Hakuna anayetamka neno, ni muziki tu. Nilijifunza mizunguko ile nyuma ya jiko letu mpaka kucha za vidole gumba zikawa nyeusi, na mama akasema nimepagawa. Kwa kuwa manamba wapya walifika kila mara kutoka mbali kuja kukata mkonge, na hawakuelewa wanachokiona, nikawa msemaji wao. Nilikuwa na miaka kumi. Nilisimama juu ya pipa kando ya shuka, nikawaeleza wazee wazima nani anampenda nani na nani atakufa, nao walinisikiliza kama wanavyomsikiliza imamu. Nilijivuna sana, sifichi.

Sasa nyapara wetu aliitwa Songoro. Ukimwamkia shikamoo hakukujibu marahaba, alikuangalia tu kana kwamba umemwomba chakula. Asubuhi ya Jumamosi ninayoisimulia, nilipompelekea baba uji shambani, nilimkuta amepiga magoti kati ya mistari ya mkonge. Songoro alisema matita yake ni membamba. Alimpiga fimbo ya sikio, akampiga tena palepale, na damu ikashuka shingoni mwa baba ikaingia ndani ya shati. Nilipiga kelele. Songoro alipokwisha kwenda zake, baba alinivuta karibu akaniambia polepole, "Nyamaza, Tatu. Nikifukuzwa hapa tutalala wapi? Usimwambie mtu." Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Kutwa nzima nilikuwa na hasira.

Jioni kambi nzima ilikaa chini mbele ya shuka. Songoro alikaa mbele kabisa, kwenye kiti. Baba alikuwa nyuma, kitambaa kimefungwa sikioni, na waliomuuliza aliwaambia ameanguka. Filamu ikaenda vizuri hadi msimamizi alipoinua fimbo yake. Hapo ilinipasa kusema, "Huyu ndiye msimamizi, anampiga mchumba." Badala yake nilisema kwa sauti yangu yote, "Huyu ni Songoro. Anampiga baba yangu. Leo asubuhi amempasua sikio, nimeona."

Songoro aliinuka aje kunishusha. Akakinga mwanga, na kivuli chake pamoja na fimbo yake kikatanda juu ya shuka, juu ya yule binti. Jiwe la kwanza lilimpata kisogoni. Kisha watu waliinuka wote, na nilisikia mlio wa fimbo yake ikivunjwa, na mlio mwingine ambao haukuwa wa fimbo. Walimburuta hadi kwenye rundo la mkonge uliosubiri kusagwa, wakamsukumia humo kifudifudi, na mwiba wa jani ukamwingia jichoni. Alilia kama mtoto mchanga. Memsabu alikuwa amekimbia, mashine hakuizima. Muziki uliendelea, na binti alizunguka juu ya migongo ya watu na juu ya visu vilivyokuwa vimeanza kutoka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha nikamwona baba. Alipita katikati ya visu, akamlalia Songoro juu, akapokea mateke yeye. "Mwacheni," alikuwa akisema, "mtatuua sote." Askari wa Kilosa walipofika, umati ulikuwa umetawanyika, na aliyebaki na damu kifuani alikuwa baba peke yake. Songoro, kwa jicho lililobaki, alimtazama akasema, "Ndiye huyu." Askari akageuka akauliza nani ameona. Nilikuwa bado juu ya pipa. Nilijua maana ya kila kidole cha filamu ile, lakini nikihofu nitaulizwa nani aliyeanzisha fujo, sikutoa hata neno moja. Wakamfunga baba pingu.

Alikaa gerezani miaka mitatu. Aliporudi tulikuwa tumehamia kijiji cha Mabwerebwere, mama akiuza maandazi. Hakunigombeza hata siku moja. Ila tulipokaa kula, alichagua kukaa upande ambao sikio lile lisilosikia tena lilinielekea mimi.

Siku hizi mjukuu wangu hufungua baleti kwenye simu yake, picha safi, wachezaji wanang'aa, na hakuna harufu yoyote. Hunikalia mapajani tukatazama pamoja, na miguu yangu ya kizee bado hukakamaa binti anapopanda juu ya vidole. Juzi alitokea mwanamume mwenye fimbo. Mtoto akaniuliza, "Bibi, huyu anafanya nini?" Najua kabisa anachofanya. Nikamwambia, "Sijui, mjukuu wangu. Wewe tazama tu."