Mdomo Mwembamba wa Bushira

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa pamoja kama kawaida, mke wangu Bushira alikaa mlangoni, hapa kwetu Walukuba, Jinja, akisugua kifaa chake kwa mswaki wa zamani.

Kazi yake ilikuwa kusafisha makochi ya watu. Mashine ina ndoo ya maji na mpira mrefu. Mwisho wa mpira kuna kifaa cha kushika mkononi. Kinapuliza maji kwenye kitambaa cha kochi, halafu kinayanyonya pamoja na uchafu. Sisi tulikiita mdomo.

Aliuinua mdomo juani, akaona unywele mmoja, akautoa. Chai ikapoa.

"Mama Nasif," nikasema, "hicho kitu unakipenda kuliko mimi."

"Hiki hakilalamiki," akasema.

Akafunga mashine kwenye pikipiki ya boda, akaenda kwa mama Ansuya, mteja wake Mhindi wa mjini, kama alivyokuwa akienda kila mwaka kabla ya sikukuu yao ya taa. Kesho yake aliamka na homa. Haikumwacha. Tulimzika kwao, Mbale.

Watu wanakuja kutoa pole, wanasema alikuwa mpole. Bushira hakuwa mpole. Wacha niseme alivyokuwa.

Alipoanza, alikuwa na mdomo mpana uliokuja na mashine. Ule ni wa mazulia. Alisafisha nao mazulia ya msikiti, yakatoka safi. Akadhani na makochi ni hivyo hivyo. Akaitwa kule Mafubira, kwenye nyumba iliyokuwa ikingoja wageni wa kuja kumposa binti yao. Akasafisha makochi yote, yakang'aa. Mwenye nyumba akafurahi, akarudisha vitambaa vyake vya kufuma juu ya makochi papo hapo. Kwetu kochi bila kitambaa ni kama mtu uchi, mgeni hapaswi kuliona. Bushira naye akasaidia kuvitandika.

Chini ya vitambaa kulikuwa na maji ambayo mdomo mpana haukuyanyonya. Wageni wakaja na kanzu nyeupe, wakakaa, wakala, wakazungumzia mahari. Waliposimama kuomba dua, kila mmoja alikuwa ameloa nyuma, na rangi ya kochi imeshika kanzu.

Posa ilikubaliwa. Lakini jina la Bushira liliharibika. Hapa Walukuba wanawake walimwita kutoka bombani: "Bushira! Leo umemlowesha nani?" Simu ikanyamaza. Mama Ansuya, ambaye makochi yake ni mengi na shemeji zake wote wanamsikiliza, akatuma neno kwamba asije kwake.

Nikamwambia auze mashine, arudi kuuza mandazi.

Akasema, "Sijashindwa na kochi."

Akatoa mto wa kochi letu, ule ninaoukalia mimi, wenye madoa ya chai ya miaka yote. Akautia kwenye gunia. Akanipa kanzu yangu ya Ijumaa nivae. Nyingine akaikunja mkobani. Tukapanda basi la Mbale. Sikuuliza. Ukimuuliza Bushira akiwa hivyo, unapoteza mate.

Mbale kuna duka la jumla la Ridwan, mtoto wa mjomba wake. Anauza mchele na sabuni, na nyuma ana mashine na vipuri vyake. Ridwan akamtolea mdomo wa chuma, mpana, unang'aa.

"Huu ndio wa watu wa kazi, dada. Unamaliza kochi haraka."

"Haraka ndiyo iliyonifukuzisha kazi. Fungua maji."

Akauweka mto wetu sakafuni, katikati ya magunia. Akapuliza, akanyonya. Kisha akanigeukia. "Kaa."

Nikakaa. Baridi ikapanda. Niliposimama, duka zima likacheka. Mama mmoja aliyekuja kununua maharagwe akasema, "Maskini, mzee amejikojolea!"

"Si mimi," nikasema, "ni mke wangu."

Bushira hakucheka. Akanipa kanzu ya pili, nikabadilisha nyuma ya magunia. Akaujaribu mdomo mwingine, kisha mwingine. Mmoja ulikuwa na kitufe kigumu. Alipaka mkono sabuni, akabonyeza, kidole kikateleza. Akaurudisha. "Mkono wangu unalowa siku nzima," akasema. "Huu ni wa mtu mwenye mkono mkavu."

Wa mwisho ulikuwa mwembamba, wa plastiki, mbele unaona ndani kama glasi. Ridwan akasema ule ni mdogo, wa viti vya gari. Bushira akauzungusha kwenye kona za mto, pale kwenye mshono, ukaingia. Tukaona maji yakipita ndani, rangi ya chai. Yakawa meupe. Akaacha kupuliza, akanyonya tu. Akarudia pale pale mpaka ndani ya ile plastiki hakikupita kitu.

"Dada, watu wanangoja," Ridwan akasema.

"Wauzie mchele."

Nikakaa. Nikasema nasikia baridi.

"Baridi si maji. Simama, geuka."

Akanipapasa nyuma mbele ya watu wote. Kavu. Akaununua ule.

Tuliporudi Jinja, alikwenda mwenyewe kwa mama Ansuya, bila kuitwa. Sijui alisema nini getini. Alipewa kiti kimoja tu, na sharti: kikilowesha mtu, asirudi kamwe. Ilikuwa Ijumaa. Nilipotoka msikitini nikamfuata, nibebe mashine. Nikamkuta sebuleni, jasho linamtoka. Binti wa kazi alikuja na kitambaa cha kufuma, Bushira akamzuia kwa mkono. "Hakivikwi mpaka kesho."

Mama Ansuya akakizunguka kile kiti. "Kinaonekana safi," akasema. "Hata cha Mafubira kilionekana safi. Nani atakaa? Mimi sikai."

 Bushira akaniona mlangoni, na kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa. Nilitazama kiti, nikakumbuka Mbale. 

Akasema: "Baba Nasif, kaa. Leo hulowi."