Oila Hutua kwa Kushoto

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya uwanja wa barafu, msimamizi alinipa kiatu kimoja na sarafu. Chuma cha kiatu cha kutelezea kina kingo mbili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Ukishanoa, unalaza sarafu juu yake. Ikiinama, ukingo mmoja umezidi, na kiatu kitamwangusha mtu.

"Bi Zuhura," akaniambia, "chunga sana mguu wa kulia. Huo ndio wanaotua nao."

Ni kweli, karibu kila mruko hutua kwa kulia. Nikaikariri kauli ile, na kwa ukaidi wangu sikutaka kusikia nyingine.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwa Neema. Mama yake, Mkongomani wa mtaa wetu wa Lewisham, alisafisha maofisi ili mtoto ateleze. Asubuhi ya mashindano ya kuchagua timu ya taifa, foleni ilikuwa ndefu. Nilinoa viatu vyake vyote viwili, nikakagua cha kulia tu.

"Ziko sharp, Auntie?"

"Kama wembe, mwanangu."

Baadaye, tukiwa ukingoni mwa uwanja, Mama Neema alininong'oneza, "Leo coach amemuwekea oila katikati."

Oila ni mruko mdogo wa kuunganisha miruko miwili mikubwa. Zamani haukuwa hata na alama zake, nasi wanoaji tuliudharau. Lakini huo hutua kwa kushoto, kwenye ukingo wa ndani, na papo hapo mtoto anaondokea mguu ule ule.

Neema alikuwa kwenye barafu tayari, anapasha misuli. Nikisema, kazi imekwenda. Nikinyamaza, huenda akavunjika mguu. Niliogopa, sifichi. Nikamkimbilia msimamizi.

"Cha kushoto sikukikagua."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Mtoe."

Neema akaitwa, akavua cha kushoto, msimamizi akalaza sarafu juu ya chuma chake; ikainama. Waamuzi walitupa dakika chache. Msimamizi akanoa mwenyewe, mimi nimesimama mikono mitupu. Mama Neema hakunitazama. Kisha Neema akaruka, akatua, akapiga oila. Kushoto kukashika. Akaruka tena, akapata nafasi yake.

Mimi nikahamishiwa kaunta ya kukodisha viatu, na huko nikakaa hadi nilipostaafu. Sikupewa tena kiatu cha kunoa. Nyinyi mnaoanza kazi hii, sikilizeni: nilizisikitikia sana mashine zile za kunolea, lakini kusema kwangu sikukujutia hata siku moja.

Siku ya kuniaga, mwaka jana, Neema alikuja. Siku hizi ni mwalimu. Akaweka viatu vyake juu ya kaunta, na sarafu kando yavyo.

"Ninolee, Auntie," akasema. "Ila start na left."