Hodi Katika Ukumbi wa Kingsbury

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kama ya juzi. Ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa kule Kingsbury, huku huku ughaibuni, nami naburuta kiti sakafuni na kusema huo ni muziki. Usicheke. Mwalimu wangu Bi Agnes, Mwingereza aliyetunga muziki wa birika linalochemka na karatasi zinazochanwa, alikuwa amenipa sharti: nilete utungo wangu siku hiyo, la sivyo nitoke darasani. Na darasa lile nililipenda kuliko chakula.

Alikuwa mama wa aina yake. Soksi hazifanani, piano haigusi. Somo lake lilianza kwa kufungua dirisha, tukae kimya tusikilize mabasi yakipita na Wagujarati wenye maduka wakiitana. Watu walitoka kwenye maonyesho yake wamenuna, naye akaendelea na chai yake kwa raha. Nilimwiga kila kitu, hata soksi.

Basi utungo wangu ulikuwa mlio wa viti, kisha kimya kirefu, vyote kwa mtindo wake. Katikati ya kimya hicho nikasikia mlangoni, "Hodi!" Alikuwa mama yangu, ametoka kazini kwa wazee aliokuwa akiwatunza, ameniletea chapati. Wenzangu, Waingereza watupu, wakatazama viatu vyao.

"Hodi jamani!"

Mama ni mtu wa Voi. Hata mlango uwe wazi, haingii mpaka aitikiwe, na hodi ya tatu ikikosa jibu, anaondoka zake. Nami nilikuwa nimeandika kimya. Nikijibu, nimeuharibu utungo na darasa limenitoka.

Hodi ya tatu ikaja kwa sauti ya chini. Nikasikia anageuka kuondoka.

"Karibu, Mama! Karibu ndani!" nikapaza sauti, ukumbi mzima ukavuma.

Akaingia akitushangaa. "Kumbe mko? Mbona mmenyamaza hivyo, kuna msiba?"

Nilishanyoosha mkono kuchukua koti langu Bi Agnes aliposema, "Viti na kimya ni vyangu mimi. Hicho ulichofanya sasa hivi ndicho chako. Kakiandike." Kisha akamvutia mama kiti, wakala chapati pamoja wakielewana maneno machache tu. Nilibaki darasani. Furaha ya siku ile sikuipata hata siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie.

Sasa wewe unaniambia, kwa Kiingereza chako cha mtaani kwetu Hayes, kwamba unataka kutunga kama mwalimu wako. Mpende, mwanangu. Mbebee mkoba, jifunze kwake namna ya kusikiliza, na akikukaripia usinune. Lakini ukikaa kuandika, andika lile ambalo ungeshindwa kulinyamazia hata kama lingekugharimu nafasi yako.

Mola akupe mwalimu mkali, masikio mazima, na umri mrefu wa kuifurahia kazi yako. Amina.